ISMAIL AL-JAZARI, FUNDI WA NCHI YA JAZIRA

Wasomaji wetu wamezoea kusoma katika kurasa hizi maisha ya masahaba, ya maimamu na ya wanavyuoni wakubwa. Mara hii tumependelea kuwaeleza khabari za mtu wa namna nyingine. Hakuwa mufti wala kadhi, wala hakuongoza jeshi, wala hakuacha nyuma yake madhehebu wala tarika. Alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha shaba, kuranda mbao, kusokota kamba, kutoboa matundu na kupima maji, na kwa kazi hiyo jina lake limebaki zaidi ya miaka 800, hali ya kuwa wakuu wengi wa zama zake hapana awakumbukaye.

Huyu ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail bin Razzaz al-Jazari. Badiuzzaman ni lakabu, na maana yake ni ajabu ya zama. Razzaz ni muuza mchele, na nisba ya al-Jazari yatokana na nchi ya Jazira. Neno hili sisi watu wa pwani twalijua kwa maana ya kisiwa, lakini Jazira hiyo haimo baharini. Ni nchi kavu iliyo baina ya mito miwili mikubwa, Dajla na Furati, na Waarabu waliifananisha na kisiwa kwa vile mito hiyo ilivyoikumbatia. Leo nchi hiyo imegawanyika baina ya Iraki, Shamu na Uturuki.

Mwenye kutaka kujua maisha ya mtu huyu hana mlango wa kuingilia ila kitabu chake mwenyewe. Wenye kuandika taarikhi za wakati ule walijaza majuzuu kwa khabari za washairi, mafakihi na mawaziri, wakaeleza nani alisoma kwa nani, na nani aligombana na nani. Fundi hawakumwandikia. Yote tuyajuayo juu ya al-Jazari ni yale aliyoyataja yeye kwa kupitia, alipokuwa akieleza namna ya kutengeneza saa au kuvuta maji. Na huenda hili lisiwe jambo baya, kwani mtu aliyejulikana kwa kazi yake peke yake hawezi kusifiwa kwa asichokifanya.

Aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq mwaka 570 H., yaani 1174 au 1175. Hao walikuwa Waturuki waliotawala sehemu ya juu ya Jazira. Mwaka 1183 Sultani Salahuddin al-Ayyubi aliuteka mji wa Amid, akampa Nuruddin Muhammad wa ukoo huo. Amid ndio mji uitwao leo Diyarbakir, katika Uturuki. Uko juu ya mto wa Dajla, na ukuta wake wa mawe meusi ungali umesimama. Al-Jazari alimtumikia Nuruddin hata akafa, kisha akamtumikia mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha nduguye Sukman, Nasiruddin Mahmud, aliyeshika ufalme mwanzoni mwa karne ya 13. Hivyo alitumika kwa baba na wana wawili, na muda aliouhisabu yeye mwenyewe ni miaka 25.

Katika miaka hiyo alitengeneza vitu vingi, na huyo Mahmud alipenda sana kuvitazama. Siku moja akamwambia fundi wake kwamba vitu alivyovifanya havina mfano, na kwamba ni hasara taabu yote ile ipotee. Basi amwandikie kitabu chenye kueleza alivyovibuni, na namna ya kuvitengeneza kimoja kimoja, pamoja na picha zake. Al-Jazari alikiri kwamba hakuwa na njia ila kutii. Akakaa akaandika, na kitabu kikatimia mwaka 602 H., ambao kwa hisabu ya miladi ni mwanzo wa 1206.

Kitabu hicho ni mkusanyo, kama jina lake linavyosema, uliounganisha baina ya ilimu na amali yenye manufaa katika ufundi wa hiyal. Hapa yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya neno hili. Hiyal ni wingi wa hila. Katika Kiswahili chetu mtu akiambiwa ana hila hafurahi, kwani neno limeingia katika udanganyifu na ujanja wa kudhulumu watu. Lakini kwa mafundi wa Kiarabu hila ilikuwa ni busara ya mkono: kukifanya kitu kizito kipande chenyewe, maji yahisabu saa, au sanamu ya mti isogee bila ya mtu kuigusa. Ilikuwa ni elimu yenye vitabu vyake. Watoto watatu wa Musa bin Shakir, nao ni Muhammad, Ahmad na Hasan, waliandika kitabu cha hiyal mjini Baghdad katika karne ya tatu ya Hijra, na ndani yake mna mitambo kama mia. Al-Jazari alikisoma, akawataja wenyewe, wala hakuficha kwamba katika baadhi ya mambo amepita njia yao.

Lakini hakuishia kusoma. Na hili ndilo linalomtenga na wengi. Alikuwa haridhiki na kitu kilichoandikwa mpaka akitengeneze kwa mkono wake akione kama chaenda au hakiendi. Kwake yeye ufundi uliosomwa bila ya kujaribiwa ulikuwa bado haujapata hukumu: haufai kuaminiwa wala haufai kukanushwa. Aliwachukulia waliotangulia kwa adabu, akawafuata walipopatia, na walipokosea akasema wamekosea, akaonyesha wapi.

Mfano wake ni saa ya maji. Alipata maelezo ya saa ya zamani yaliyonasibishwa kwa Archimedes, yule mwanahikima wa Kiyunani. Kabla hatujaeleza alilolifanya, hatuna budi kueleza taabu iliyokuwako. Watu wa zama zile waligawanya mchana kuwa saa 12 tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa, na usiku vivyo hivyo. Sisi huku pwani twaielewa hisabu hiyo bila ya kufundishwa, kwani saa yetu ya kwanza nayo yaanza baada ya jua kutoka, na saa sita ni jua la utosi. Kwetu hakuna tatizo, maana tuko karibu na ikweta na mchana wetu haurefuki wala haufupiki ila kidogo. Lakini katika nchi ya Amid mchana wa kaskazi si sawa na mchana wa kusi. Wakati wa joto, mchana uliogawanywa mafungu 12 hutoa saa ya zaidi ya dakika 70 kwa hisabu ya leo, na wakati wa baridi saa moja hupungua chini ya dakika 50. Basi saa ya maji iliyo sawa ni ile ambayo maji yake hutoka kidogo kidogo katika siku ndefu na kwa wingi katika siku fupi, na kila siku kipimo chake kibadilike.

Wale wa kale walitaka kulitatua jambo hili kwa kutumia nusu ya duara iliyogawanywa kwa buruji 12, na tundu la kutolea maji likawa lasogezwa juu ya alama hizo. Tundu likiwa chini zaidi ya uso wa maji, maji hutoka kwa nguvu. Likiinuliwa, hutoka kwa unyonge. Rai ni nzuri. Al-Jazari akaitengeneza, akakaa akapima, akaona saa hazilingani na mchana. Akajaribu kuigawanya kwa njia nyingine, nayo isifae. Hakurudi kwenye karatasi kupiga hisabu mpya. Alichukua duara zima, akawa akilizungusha tundu kidogo kidogo, akipima maji kila mahali, akatia alama pale tu ambapo maji yenyewe yamethibitisha. Tundu hilo alilitoboa katika jiwe gumu la jamii ya akiki, kwani shaba huliwa na maji na tundu hupanuka, na tundu likipanuka hata kwa unywele saa huharibika. Ndani ya birika akaweka chelezo, na juu ya chelezo kizibo chenye umbo la pia. Maji yakizidi chelezo huinuka na kizibo hufunga mfereji. Yakipungua chelezo hushuka na mfereji hufunguka. Kwa hivyo maji yaliyo juu ya tundu hayazidi wala hayapungui. Ndugu msomaji akifunua tangi la maji la chooni mwake ataliona chelezo lifanyalo kazi ya namna hiyohiyo.

Saa aliyoijenga juu ya msingi huo ilikuwa kubwa kama mlango wa jumba, mrefu kupita watu wawili mmoja juu ya mwingine kwa takriban. Juu yake ziliviringika alama za buruji pamoja na jua na mwezi. Chini yake palikuwa na safu za milango midogo. Kila ilipotimia saa, mlango ulifunguka ikatokea sanamu, na ndege wawili wa shaba, mithili ya kozi, wakainama wakatema kila mmoja tufe katika chombo kikalia. Usiku, vioo 12 vya mviringo vilijaa mwanga kimoja baada ya kimoja. Na katika saa ya sita, ya tisa na ya kumi na mbili walilia wapiga ngoma na tarumbeta waliotengenezwa kwa mkono, wote wakienda kwa maji na kwa uzito, bila ya mtu.

Saa yake iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya ndovu. Nayo ni ndogo, na kwa fundi mwenye kuanza ni rahisi kuielewa kuliko ile ya kwanza. Ndani ya tumbo la ndovu mna hodhi la maji, na juu ya maji huelea bakuli lenye tundu dogo chini yake. Bakuli hujaa polepole na kuzama kwa muda wa nusu saa. Likiwa lazama, kamba zake humzungusha mwandishi aliyeketi juu ya mgongo wa ndovu, na kalamu yake huonyesha muda umefika wapi. Likizama kabisa huvuta kamba inayokwenda juu kabisa ya mnara, na huko tufe la shaba hufunguliwa likaanguka. Tufe huingia katika mdomo wa ndege, hutoka likaingia katika kinywa cha nyoka. Nyoka kwa uzito wa tufe huinama, na katika kuinama kwake huvuta mnyororo unaolirudisha bakuli juu ya maji. Tufe huanguka katika chombo kikalia, nyoka hurejea mahali pake, na mwendesha ndovu hupiga kwa mikono yake. Kisha bakuli huanza kujaa tena. Tazama ilivyo: kitu kinachoanguka ndicho kinachojirudisha kwenye mwanzo wake, na hakisimami mpaka matufe yaishe juu. Ndovu huyo ni wa Kihindi, nyoka ni wa mtindo wa Kichina, na ilimu ya maji ni ya Kiyunani. Fundi wa Kiislamu hakuona aibu kuchukua jema kwa kila taifa.

Ametaja katika kitabu vitu 50, kavipanga milango sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya majlisi ya vinywaji, mabirika na masinia ya kutilia udhu na ya kupimia damu, chemchemi na filimbi zilizao zenyewe, mitambo ya kupandisha maji, na mchanganyiko wa mambo mengine.

Katika mlango wa udhu mna kisa kidogo. Mfalme Mahmud alichukia kutiliwa maji mikononi na mtumishi au mjakazi wakati wa kutawadha, na akamtaka al-Jazari amfanyie kitu kitakachomtosheleza. Akamfanyia sanamu ya mtumwa mwenye birika, ambayo humwaga maji kwa kipimo, na maji yanapokwisha hunyosha mkono wa pili kumpa mfalme kitambaa na kioo. Akafanya na sinia la tausi: maji yaliyotumika hushuka chini yakainua chelezo, na chelezo hufungua mlango ukatokea mtumishi wa kwanza mwenye unga wa kuoshea mikono, kisha yakizidi akatokea wa pili mwenye taulo. Na masinia ya damu yalikuwa kwa ajili ya matabibu, kwani watu wa wakati ule walitolewa damu kwa kukatwa mshipa, na tabibu asiyejua ametoa kiasi gani huweza kumwua mgonjwa. Damu ikiingia katika sinia, kalamu ya sanamu huzunguka juu ya duara lenye alama za dirham, na tabibu husoma uzito wake hapohapo.

Huenda baadhi ya ndugu zetu wakachukizwa na masanamu hayo, na zaidi wakichukizwa na ule mlango wa vinywaji, ambao una vitu 10 katika vile 50. Wana haki. Katika mlango huo mna jahazi la sanamu za wanamuziki lililoelea katika hodhi la mfalme ili kuwafurahisha walevi wake, na hatuna la kulitetea. Jumba la mfalme lilikuwa na mambo yake, na fundi alikuwa akila kwa mfalme. Lakini si insafu kukitupa kitabu kizima kwa ajili hiyo. Mhimili ndani ya jahazi lile ulipachikwa vijiti, na kila kijiti kilipopita kiligusa mkono wa mpiga ngoma. Mpangilio wa vijiti ndio uliokuwa mpangilio wa mapigo. Ilimu hiyo si ya ulevi wala si ya sala, ni ilimu ya vijiti na mhimili, na aichukuaye ndiye mwenye kuulizwa ameitumia wapi.

Kwetu sisi fakhari ya kitabu hiki imo katika mlango wa tano, wa kupandisha maji. Hapa al-Jazari aliiacha michezo ya jumba akaliendea haja ya watu. Mto uko chini na shamba liko juu. Mnyama huzunguka mchana kutwa kuvuta ndoo. Alitengeneza gurudumu lenye meno katika sehemu tu ya duara lake, siyo duara zima, hata likawa lashika na kuachia: likishika huinua upawa mrefu uliojaa maji, likiachia upawa hurudi chini kujaza. Pengine alizika magurudumu chini ya ardhi yasukumwe na mkondo wa mto, na juu akaweka ng'ombe wa mti aliyekuwa akizunguka kama kwamba yeye ndiye avutaye. Hiyo nayo ni hila.

Mtambo wake wa tano wastahiki kuelezwa kwa kituo, kwani mafundi wa mashine wa leo wanapouona husimama. Gurudumu kubwa latiwa mtoni na mkondo walizungusha. Hilo lazungusha gurudumu jingine lenye meno, ambalo juu yake kimepachikwa kijiti mbali na katikati. Kijiti hicho chazunguka pamoja na gurudumu, nacho kimo ndani ya ufa wa fito, basi fito haina budi kwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto. Mwendo wa kuzunguka umegeuka kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Fito hiyo yasukuma pistoni mbili za shaba zilizoelekeana katika silinda mbili, na baina ya pistoni na silinda pamezibwa kwa kamba za katani ili maji yasivuje. Pistoni moja ikirudi nyuma huvuta maji kwa mfereji kutoka mtoni, na vilango vidogo vya upande mmoja huyazuia yasirudi. Wakati huohuo mwenziwe huyasukuma maji aliyoyavuta, yakapanda kwa mfereji mwembamba mpaka juu. Bomba la kusukuma maji lilijulikana tangu kwa Wayunani na Warumi. Lakini bomba lenye mifereji ya kuvuta kutoka chini, na lenye kufanya kazi mbili kwa zamu, na likasukumwa na mto badala ya mkono, hilo mwenye kulieleza waziwazi ni yeye.

Katika mlango wa mwisho ameeleza mlango mkubwa wa shaba alioufanya kwa ajili ya jumba la Amid, wenye nakshi za nyota zilizoshikamana, za pembe sita na za pembe nane. Hapo amefundisha jinsi ya kumimina shaba katika visanduku vya mchanga wenye unyevu: hushindiliwa mchanga juu ya kiolezo, kiolezo huondolewa, visanduku hufungwa, kisha shaba humiminwa. Ameeleza pia kufuli ya sanduku isiyo na ufunguo, yenye visahani vinne vya herufi, haifunguki mpaka kila kisahani kisimame juu ya herufi yake. Na katikati ya hayo yote amenyunyiza mambo madogo ambayo fundi hufurahi nayo kuliko mlango wenyewe: kwamba ubao ukiwa mmoja hupindika, bora ugundishwe wa mapande mapande, kwamba gurudumu husawazishwa kwanza kabla ya kutiwa kazini, kwamba umbo lenye taabu hufanyiwa kwanza mfano wa karatasi.

Wako siku hizi wanaoandika kwamba al-Jazari ndiye aliyebuni roboti, na motokaa, na kompyuta. Huku ni kupiga chuku, na mtu huyu hana haja ya kuongezwa damu. Mashine za leo zimepita katika mikono ya mataifa mengi, na hapana apasaye kumpa mtu mmoja kazi ya umma mzima. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wanaomsifu: kila alichokipokea alisema amekipokea.

Sifa yake ya haki ni nyingine. Mafundi wa zama zote huficha. Fundi mzee hufa na siri ya dawa ya kuchomelea, au kipimo cha upinde wa chombo, na mwanawe huanza upya kama kwamba babaye hakuishi. Katika zama zilezile za al-Jazari lilitokea jambo hilo mjini Damaski. Fundi mmoja, Muhammad as-Saati, aliijenga saa kubwa kwenye mlango wa Jayrun wa msikiti wa Bani Umayya. Alipofariki saa ikaharibika, wakaja watu kuitengeneza wakashindwa, hata mwanawe Ridhwan, aliyekuwa tabibu, akaishughulikia kwa taabu ikarudi kwenda. Na kwa kuchelea yasirejee yaliyotokea, mwaka 1203 akaandika kitabu cha kuieleza. Al-Jazari hakungoja afe ndipo kitu kiharibike. Alieleza kila kipande, urefu wake, unene wake, kimetengenezwa kwa nini na chaungana na nini. Akachora picha, akaitia kila sehemu herufi yake, na katika maneno akairejea herufi hiyohiyo. Alionya kwamba picha zake hazikuchorwa kwa vipimo kamili, ila ni kwa ajili ya kufahamisha. Aliandika ili mtu asiyemjua, katika mji asioujua, aweze kukitengeneza kitu kile.

Haukupita muda tangu kitabu kutimia, Mwenyezi Mungu akamchukua. Katika mwaka uleule wa 602 H., katika mwezi wa Shaaban, mwandishi mmoja aitwaye Muhammad bin Yusuf bin Uthman al-Haskafi alimaliza kunakili kitabu hicho, na wakati huo mwenyewe alikuwa ameshafariki. Nakala hiyo ipo Istanbul. Lau mfalme angalichelewa kuagiza kwa miaka michache, tusingekuwa na khabari yoyote ya al-Jazari, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu kilinakiliwa tena na tena, na wanakili walizipamba picha zake kwa rangi nzuri. Uzuri huo ukawa balaa. Wafanya biashara wa vitu vya kale walikata kurasa kutoka katika nakala za karne ya 14 wakaziuza moja moja, na leo mwenye kutaka kuziona hazina budi azifuate Boston, New York na Washington, zimetundikwa ukutani kama picha tu, na maneno yanayoeleza mtambo yako bara jingine.

Mwaka 1974 mhandisi wa Kiingereza, Donald Hill, aliyejifunza Kiarabu, alikitoa kitabu kizima kwa Kiingereza pamoja na maelezo ya kila mtambo. Mwaka 1979 Ahmad Yusuf al-Hasan alitoa matni ya Kiarabu mjini Halab. Tangu hapo vijana wa nchi nyingi, wenye kupenda kuunda vitu kwa mbao, nyaya na mota ndogo, wamekuwa wakivitengeneza vitu vya al-Jazari katika vyumba vyao na katika shule zao. Jumba la makumbusho ya sayansi ya Kiislamu la Istanbul, lililofunguliwa mwaka 2008 kwa juhudi za Fuat Sezgin, lina saa ya ndovu.

Na mwaka 1976, palipofanywa London tamasha la ulimwengu wa Kiislamu, mafundi wa jumba la makumbusho ya sayansi waliamua kuijenga ile saa kubwa ya milango 12. Wakaifuata kama alivyoandika: birika, chelezo, kizibo cha umbo la pia, makapi na kamba, ndege na matufe yao. Wakatia maji, na saa ikaenda.